Springi za nyuma na kigawa uzito: jinsi ya kuvifunga pamoja kwenye pikapu inayovuta tela

Dalili ya kwanza haikutokea nyuma ya gari, ilitokea mbele. Nilikuwa nashuka Mikindani usiku, natokea Masasi kwa njia ya Mingoyo, tela limejaa gunia za korosho, na kila gari lililokuja mbele yangu lilinimulika. Nikadhani wananionea, maana taa nilikuwa nimeshusha. Kumbe nyuma imekalia mkia, pua inatazama mawingu, na mwanga wangu unawapiga watu machoni. Kwenye kona ya chini nikahisi jambo la pili, baya zaidi: usukani ulikuwa mwepesi, kama hauna habari na matairi.

Kesho yake nikampelekea fundi. Akainama, akachungulia, akasema neno ambalo kila mwenye pikapu huku kwetu amelisikia: "Ongeza jani, mwanangu, itasimama." Tukaongeza jani la springi kila upande. Gari likasimama kweli. Safari iliyofuata hakuna aliyenimulika, ila usukani ulibaki mwepesi vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari kukaa sawa ni jambo moja, na uzito kukaa sawa ni jambo jingine. Springi inainua bodi, lakini haihamishi kilo. Watu wa madau wa pwani hii wanalijua hilo kuliko sisi wa magari. Mzigo ukilundikwa tezi, yaani nyuma, omo la mbele linapanda na chombo hakishiki njia, na dawa yake ni kuhamisha mzigo. Kwenye gari linalovuta tela, kifaa cha kuhamisha mzigo kipo. Mimi hukiita kigawa uzito. Hapa nitaeleza namna ya kukifunga pamoja na springi bora bila kimoja kuharibu kazi ya kingine.

Hesabu kabla ya spana

Chukua pikapu ya dabo kebini ya kawaida. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 3. Kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye gololi ya kuvutia, ile ambayo kichwa cha tela kinaikalia, tuseme mita 1.2. Tela likikalia gololi kwa kilo 200, gari linakuwa kama pembea iliyowekwa juu ya ekseli ya nyuma: mkia unashuka, pua inapanda. Zidisha 200 kwa 1.2, gawanya kwa 3, unapata 80. Kilo 80 zimetoka kwenye matairi ya usukani. Nazo hazikupotea hewani, zimehamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 200, imeongezewa 280.

Ukiongeza jani, bodi itanyanyuka, lakini nyuma bado kuna zile 280 na mbele bado kumepungua 80. Ndiyo maana jani langu lilinyamazisha taa za wenzangu bila kuponya usukani.

Kigawa uzito ni kichwa kizito cha chuma chenye gololi juu yake, ambacho shina lake linaingia kwenye mdomo wa mraba wa chuma cha kuvutia kilichofungwa nyuma ya gari. Kutoka kwenye kichwa hicho zinatoka fito mbili za chuma cha springi, zinarudi nyuma kufuata shingo ya tela, moja kila upande. Ncha zake zinavutwa juu kwa minyororo, au zinakalishwa juu ya vibao vya chuma vilivyofungwa shingoni, mpaka fito zipinde. Fikiria umechomeka mikono ya toroli nyuma ya gari halafu ukainyanyua. Mkia unapata nafuu na uzito unasukumwa mbele. Kwa kuwa ncha za fito zimeshikwa na tela, sehemu nyingine ya uzito inakandamizwa kwenye ekseli za tela lenyewe.

Turudi kwenye mfano. Kutoka gololi hadi katikati ya ekseli za tela ni mita 4. Ukikaza fito mpaka mbele ya gari irudishiwe kilo 40 kati ya zile 80, ekseli za tela zitapokea kama 23 na ekseli ya nyuma ya gari itapunguziwa kama 63. Sasa nyuma imeongezewa 217, mbele imepungukiwa 40, tela limeongezewa 23. 217 toa 40 ongeza 23 ni 200 zilezile. Hakuna uzito uliofutwa, umegawanywa tu.

Kutokana na hesabu hiyo, kanuni yangu ni fupi: springi zibebe mzigo wa bodini, fito zishughulikie mzigo wa shingoni, yaani ule unaokalia gololi. Wengi huvichanganya viwili hivi, na makosa mengi ninayoyaona yanaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: jua kilo zako

Tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango au kitabu cha modeli yako, uandike namba hizi: uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo, uzito wa juu wa kila ekseli, uzito wa tela linaloruhusiwa kuvutwa, uzito unaoruhusiwa kwenye gololi, na uzito wa gari na tela kwa pamoja. Ongeza namba ya tairi. Ubavuni baada ya ukubwa kuna tarakimu za uwezo: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, 121 ni kilo 1,450. Angalia na matairi ya tela, ambayo mara nyingi ni ya zamani kuliko tela lenyewe.

Springi mpya haibadilishi hata namba moja kati ya hizo. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuambiwa kwamba jani lililoongezwa ni "tani moja zaidi". Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, chasisi na breki ndizo hizo hizo.

Kisha hesabu tela. Kwa msimu wa korosho ni rahisi, maana gunia ni la kilo 80. Gunia 15 ni kilo 1,200. Tela tupu la kilo 400 likijumlishwa, una 1,600. Uzito wa shingoni unatakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela, yaani kilo 160 hadi 240. Pungufu ya hapo tela linaanza kutikisa mkia kila lori linapokupita. Zaidi ya hapo unaiumiza nyuma ya gari bure. Panga karibu asilimia 60 ya mzigo mbele ya ekseli ya tela. Kwa gunia 15 hiyo ni 9 mbele, 6 nyuma, halafu pima, kwa sababu mpangilio unadanganya. Boti ya fiba yenye injini nyuma inadanganya zaidi: inaonekana ndefu kwa mbele huku uzito wote uko kwenye injini.

Kupima shingo si lazima kifaa cha gharama. Mizani ya jukwaa ya kupimia gunia, kama ile ya ghala la korosho, inatosha. Muombe karani wakati hakuna foleni. Egesha tela pasipo mteremko, weka vigingi kwenye matairi, kalisha kichwa cha tela juu ya kipande cha gogo kilichosimama kwenye mizani, tela likiwa limelala sawa, usome.

Mizani ndogo ya nyumbani nayo inawezekana. Laza ubao imara, upande mmoja juu ya bomba lililo kwenye tofali, upande mwingine juu ya bomba lililo kwenye mizani, umbali kati ya mabomba uwe sentimita 90. Soma uzito wa ubao kwanza. Halafu kichwa cha tela kiukanyage ubao sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3. Kilo 200 zitaonekana kama 67 hivi.

Hatua ya pili: kagua cha zamani

Osha chini ya gari kwanza. Hewa ya chumvi ya Mtwara na Lindi haina huruma, na tope kavu linaficha nyufa. Kagua chasisi nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikwa. Angalia boliti ya katikati ya springi, maana ikikatika ekseli inateleza na gari linatembea kiupandeupande kama kaa. Shika yubolti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, kwa spana, angalia bushi zilizoliwa na shokapu zinazovuja. Jani lililovunjika linaonekana kwa mstari mwembamba wa kutu uliovuka upana wake. Kitu chochote kibovu hapa kitengenezwe kwanza. Kuongeza nguvu juu ya springi iliyochoka ni kuficha ugonjwa.

Hatua ya tatu: chagua nguvu ya nyuma

Njia ni tatu, na sizipendi kwa usawa.

Ya kwanza ni majani ya springi. Ukiwa na mzigo wa kudumu bodini, kama jenereta, tangi la maji la kupeleka uwanda wa Makonde au sanduku la vifaa vya ufundi, nunua seti nzima iliyotengenezwa kwa gari lako na kwa uzito huo. Jani moja lililokatwa kutoka kwenye lori ni tiba ya haraka, lakini mkunjo wake haufuati wa wenzake. Linabeba peke yake, linachoka peke yake, na gari likiwa tupu linarukaruka kwenye vumbi lililokunjamana kama bati mpaka matairi ya nyuma hayagusi ardhi.

Ya pili ni vifaa vya mpira vinavyofungwa mahali pa vigongeo, kati ya chasisi na ekseli. Gari tupu havisumbui. Mzigo ukiingia vinaanza kubeba. Ni rahisi kufunga, havihitaji upepo, havitoboki. Kwa mtu anayebeba mzigo wa kawaida mara mbili kwa wiki, ningeanzia hapa.

Ya tatu ni mifuko ya upepo, ile ya chini ya gari, siyo ya kwenye usukani. Hapa nakaa kidogo kwa sababu inauzwa kwa maneno matamu. Uzuri wake ni kweli: unaongeza au kupunguza upepo kwa kadiri ya mzigo, na unaweza kusawazisha upande uliolala. Ubaya wake umo kwenye chasisi. Springi ya majani inashika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito unagawanyika. Mfuko wa upepo unasukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Ukiujaza sana, chasisi inabebwa katikati huku tela linaning'inia mita moja na ushee nyuma yake, na kila shimo linagonga kama nyundo. Pikapu za dabo kebini zenye chasisi iliyopinda nyuma ya kebini kwa mtindo huu zimeonekana sana Australia, nchi yenye barabara ndefu za vumbi kama zetu. Ukiwa unatembea lami tu, Mtwara kwenda Lindi na kurudi, mifuko haina shida ukiijaza kwa kiasi. Ukiwa wa Tandahimba ndani ndani, mimi nisingeifunga.

Chochote utakachochagua, kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi hawayagusi. Nyuma ikipanda, taa za mbele zinashuka, kwa hiyo zirekebishwe. Na pikapu nyingi zina valvu ya breki za nyuma yenye kifito kinachoungana na ekseli. Valvu hiyo inakadiria mzigo kwa kutazama bodi imeshuka kiasi gani. Ukiinua bodi kwa springi, valvu inaamini gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, wakati wewe una tani moja na nusu mgongoni. Mwambie fundi airekebishe kwa kipimo cha kitabu. Akikuuliza "valvu gani, kaka?", tafuta fundi mwingine kwa kazi hiyo.

Shokapu nazo zilingane na springi mpya. Springi ngumu na shokapu laini ni gari linaloendelea kunesa baada ya tuta kupita.

Hatua ya nne: chagua kigawa uzito

Anza na chuma cha kuvutia. Kile cha bamba lililofungwa gololi moja kwa moja hakifai. Unahitaji chenye mdomo wa mraba wa inchi 2, kilichofungwa kwenye chasisi kwa boliti, na chenye maandishi kwamba kinaruhusu kigawa uzito. Fito zinapokazwa zinajaribu kukizungusha chuma hicho, wala si kukivuta tu. Vyuma vya kuchomelea mtaani nimeviona vikifunguka taratibu kama mdomo wa mamba. Fito zenyewe usiruhusu mtu azichomelee au azipashe moto, kwa sababu chuma cha springi kikipashwa kinapoteza ugumu wake.

Gololi ina mtego wake. Tela la Ulaya au Afrika Kusini mara nyingi linataka milimita 50. Seti za Marekani zinakuja na inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, au inchi 2 na 5/16. Tofauti ya nywele kati ya mbili za mwanzo inatosha kufanya kichwa kisifunge au kiliwe haraka. Soma namba iliyopigwa juu ya kichwa cha tela na juu ya gololi, zilingane.

Nguvu ya fito inachaguliwa kwa uzito wa shingoni ukijumlisha mzigo wa bodini ulio nyuma ya ekseli ya gari. Mtu mwenye kilo 200 shingoni akinunua fito za 500 kwa kudhani kubwa ni bora, atapata tela linalogonga gari kwenye kila tuta.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: breki za tela. Kama kichwa cha tela kinateleza ndani nje ili kubana breki gari linaposimama, fito zinaweza kuzuia ule mtelezo. Vigawa uzito vingine vimetengenezwa kukubaliana na breki hizo, vingine haviruhusiwi kabisa. Kama karatasi ya kigawa na ya tela hazisemi wazi, usifunge.

Hatua ya tano: kupima na kukaza

Hapa ndipo kazi ilipo. Unahitaji futi ya kamba, kalamu, mahali palipo sawa kama sakafu, na saa moja isiyo na haraka. Mimi huenda kwenye uwanja wa saruji asubuhi kabla joto halijapanda.

Kwanza weka gari kama litakavyosafiri: mafuta, abiria, mzigo wa bodini, upepo wa matairi uliopimwa yakiwa baridi. Kama una mifuko ya upepo, ijaze sasa, mpaka nyuma irudi karibu na kimo chake cha kawaida kwa mzigo wa bodini peke yake. Ukishamaliza, funga kofia za valvu na uisahau. Tela bado halijaguswa.

Pima kutoka ardhini kupita katikati ya tairi la mbele hadi ukingo wa fenda. Pima pande zote mbili. Hiki ni kipimo A. Kwangu ni sentimita 86.0. Pima na fenda za nyuma ujue, lakini anayeamua ni wa mbele.

Laza tela sawa, pima kimo cha juu ya gololi inapotakiwa kuwa, ufunge kichwa cha kigawa uzito kwenye kimo hicho au sentimita moja mbili juu, kwa sababu kitashuka. Kama ulibadili springi, kimo cha zamani hakifai tena.

Unganisha tela bila fito. Pima mbele tena. Hiki ni B. Kwangu 88.4, yaani pua imepanda sentimita 2.4.

Sasa fito. Usizinyanyue kwa ubabe wa nondo. Kichwa cha tela kikiwa kimeshafungwa kwenye gololi, tumia jeki ya shingo kuinua vyote viwili, tela na mkia wa gari, mpaka minyororo iweze kushikwa bila nguvu. Simama pembeni, uso mbali na fito. Fito iliyokazwa ikikuponyoka inavunja mkono. Shika pingili sawa kwa idadi pande zote mbili, shusha jeki, pima mbele. Hiki ni C.

Lengo la C ni kurudisha angalau nusu ya kilichopanda. Kwangu nusu ya 2.4 ni 1.2, kwa hiyo natafuta 87.2 au chini kidogo. Watengenezaji wengine wa magari wanataka irudi zaidi, soma kitabu chako. Ila usipite A kwenda chini. Mbele ikishuka kuliko ilivyokuwa bila tela, umehamisha kupita kiasi. Nyuma inakuwa nyepesi, na kwenye lami yenye mvua mkia unaweza kukutangulia.

Haikufika? Punguza pingili moja, fupisha mnyororo. Bado? Badili mlalo wa kichwa cha kigawa uzito ili ncha za fito zianze chini zaidi, urudie. Aliyefunga springi ngumu atahitaji mlalo zaidi kuliko jirani yake mwenye springi za kiwandani, kwa kuwa mkia wake unashuka kidogo na fito hazipati mkunjo wa kutosha. Ukimaliza, fito ziwe karibu sambamba na shingo ya tela, na tela la ekseli mbili liwe limelala sawa, la sivyo ekseli moja itabeba ya mwenzake.

Nyuma itabaki imeshuka kidogo. Iache. Nimemwona mtu akimaliza yote haya vizuri, halafu akaingia kituo cha mafuta, akajaza mifuko ya upepo ili gari "lipendeze". Mkia ukapanda, pembe kati ya gari na tela ikabadilika, fito zikalegea, na uzito ukarudi kulekule nyuma ulikotolewa. Gari lilikuwa zuri kwa macho. Ukigusa upepo wa mifuko tela likiwa limeunganishwa, umefuta vipimo vyako, rudi kwenye A.

Hatua ya sita: mizani

Futi ya kamba inakisia, mizani inathibitisha. Tafuta mizani ya magari ya kiwanda au ghala, uombe kupima ekseli mara tatu: gari bila tela, gari na tela bila fito, gari na tela na fito. Linganisha ekseli ya mbele katika vipimo vitatu, halafu linganisha ekseli ya nyuma na namba ya kibati. Kama ya nyuma imezidi hata fito zikiwa zimekazwa, punguza mzigo.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaanzia magari ya kilo 3,500. Pikapu yenye mzigo pamoja na tela inaivuka namba hiyo kirahisi, kwa hiyo bango la mizani barabarani likikuelekeza kuingia, ingia.

Barabarani

Kabla ya kuondoka: minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo ili kichwa kikichomoka kidakwe kisichimbe lami, pini zote ziwe na klipu za kuzizuia zisichomoke, taa za tela ziwake. Jaribu breki kwenye barabara tupu, kwanza kwa mwendo wa 30. Baada ya kilomita 100 hivi kaza tena boliti zote, za chuma cha kuvutia na yubolti za springi mpya.

Tela likianza kutikisa mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu, usifukuzane nalo. Kama una swichi ya breki za tela peke yake, iguse. Likitulia, simama ukague mzigo. Karibu kila mara utakuta gunia zimesogea nyuma.

Sasa barabara zetu. Kutoka Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni lami, na fito zinafurahi. Ukiingia njia ya mchepuko, korongo, au ngazi kali kati ya lami na vumbi, gari linainua pua huku tela bado limeinamia mbele, na fito zinapindwa kupita uwezo wake. Kinachovunjika hapo huenda kisiwe fito bali shingo ya tela au chuma cha kuvutia. Mvua za Mei 2024 zilipokata barabara ya Kilwa huko Somanga, michepuko ya aina hiyo ndiyo ilikuwa njia. Mahali kama hapo simama, inua kwa jeki, legeza fito, pita kwa mwendo wa mguu, zirudishe mbele ya safari. Ni dakika kumi na jasho kidogo. Na kama kigawa chako kina kifaa cha pembeni cha msuguano cha kuzuia kuyumba, kiondoe kabla ya kurudi nyuma, kwa sababu tela likikunja kinapinda.

Grisi ipakwe kwenye gololi na kwenye mizizi ya fito, isiguse vibao vya msuguano. Mwisho wa msimu vua kichwa chote, kisije kikaungana kwa kutu na mdomo wa mraba. Mimi kimoja nilikitoa kwa nyundo na matusi nusu siku nzima.

Pingili niliyoichagua nimeipaka rangi nyekundu pande zote mbili, na kwenye dashibodi kuna daftari: A 86.0, B 88.4, C 87.1, pingili ya tano, gunia 9 mbele 6 nyuma, shingo kilo 200. Nikibeba mifuko 24 ya simenti, uzito ni zilezile kilo 1,200, lakini inalala chini na kubanana sehemu moja, kwa hiyo nafungua ukurasa mpya na kupima upya.